Kichaka cha maua ya zambarau yenye petali nne, Kabale: ni mmea gani, na mbona unakufa kuanzia chini?

MatutaYaKabale

Habari zenu wanabustani. Naomba msaada wa kutambua mmea, na kuuokoa kama bado inawezekana.

Ni kichaka chenye urefu wa sentimita 70 hivi, na upana karibu huohuo. Kiko kwenye tuta la mlimani hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mita 1,950 hivi kutoka usawa wa bahari, udongo mwekundu mzito. Kiliuzwa kwenye kavera (mfuko wa nailoni) kwa jina la "lavenda", ila hakina harufu ya lavenda hata ukiyasugua majani. Majani ni membamba, sentimita 5 hadi 7, rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na yanapishana kwenye shina. Maua hutoka kwenye ncha za matawi yakiwa mengi pamoja. Matumba ni zambarau nzito karibu na nyeusi, na yakifunguka rangi hufifia. Petali ni nne. Kinachanua karibu mwaka mzima.

Mbegu hakuna kabisa. Maua yakishapukutika hubaki vijiti vitupu. Chini, matawi yamekuwa kuni, hayana jani hata moja. Tangu mvua za Aprili matawi mawili yamenyauka, na kwenye mengine majani ya chini yanageuka manjano. Samadi ya ng'ombe ilitiwa mara mbili, beseni zima kila mara. Mita moja na nusu kutoka hapo kuna kabichi.

Ni mmea gani huu? Nitauzalishaje bila mbegu? Na hayo matawi yanayonyauka yana nini?

Petali4

Asante kwa kueleza majani na matumba pia, maana wengi huleta picha ya ua peke yake. Kwa uliyoyaandika, karibu hakika huo ni Erysimum 'Bowles's Mauve', aina ya bustani iliyopewa jina la Edward Augustus Bowles, bingwa wa bustani wa Uingereza aliyeishi kuanzia 1865 hadi 1954. Ni wa familia ya haradali, ileile ya kabichi, sukuma wiki na figili. Lakini usiishie kwenye neno langu. Chuma ua moja lililofunguka vizuri ulikague mwenyewe. Dakika tano zinatosha.

Anza na petali. Ziwe nne, zimekaa kwa msalaba, kila moja pana juu na nyembamba chini kama kijiko chenye mpini. Zing'oe moja moja. Zikitoka kila moja peke yake, endelea. Zikitoka zote kwa pamoja zikiwa zimeungana kama bomba, hiyo si familia ya haradali. Hapo ndipo iksora huwachanganya watu, kwa kuwa nayo ina ncha nne na imepandwa kwenye nyua nyingi za Kampala na Entebbe. Iksora ina bomba jembamba, stameni (vijiti vya ndani ya ua vinavyobeba chavua) nne tu, na majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana.

Kisha hesabu stameni, na hii ndiyo alama ninayoitegemea kuliko zote. Familia ya haradali huwa na sita: nne ndefu na mbili fupi, zile fupi zikiwa zimekaa pande mbili zinazokabiliana, kila upande moja. Tunao mmea mwingine unaofanana kwa hesabu, na kila mtu hapa anaujua kwa mboga: jobyo, ambao pwani huitwa mgagani. Jobyo ana petali nne na stameni sita vilevile, lakini stameni zake zina urefu unaokaribiana na zimebebwa juu kwenye kikonyo kirefu katikati ya ua. Tena jani lake limegawanyika kama vidole. Jobyo si wa familia hii, ni jirani yake wa karibu.

Kuhusu lavenda: pitisha vidole kwenye shina changa. Shina la lavenda lina pembe nne, majani yake hutazamana, na ua lake lina midomo miwili. Mmea wako hauna hata kimoja kati ya hivyo. Aliyeuuza kwa jina hilo pengine alifuata rangi tu.

Ndani ya familia yenyewe kuna watatu wa kuwaondoa kwanza. Matthiola incana ana jani pana zaidi, laini kama blanketi, na ua lenye harufu nzito ya karafuu. Hesperis matronalis ana jani pana la kijani lenye meno pembeni, na shina lake haligeuki kuni. Lunaria annua ana jani la umbo la moyo na tunda bapa la mviringo kama sarafu. Ukiwa na lenzi ya mkono ya mara 10, tazama mgongo wa jani. Nywele za Erysimum hulala chali juu ya jani, kila moja imeshikwa katikati na ncha zake mbili zimeelekea huku na huku, kama sindano ya dira. Za Matthiola husimama na kugawanyika kama vijiti vya mti.

Kukosa mbegu si ugonjwa. 'Bowles's Mauve' ni tasa, na kwako huo ni ushahidi mwingine. Iko Erysimum linifolium ya Hispania na Ureno inayofanana nayo sana, lakini hiyo hutoa maganda marefu membamba yenye mbegu. Ganda likikauka hupasuka pande zote mbili kuanzia chini na kubakisha utando mwembamba katikati. Ukiwahi kuona ganda la namna hiyo kwenye kichaka chako, rudi hapa, jibu langu litabadilika.

Ukitaka uhakika wa maandishi, kausha sampuli uipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kata tawi la sentimita 30 lenye majani, matumba na maua. Lipange kati ya magazeti, weka matofali juu, na ubadilishe magazeti kila siku kwa siku 7 hivi mpaka tawi likakamae. Pembeni andika mahali, mwinuko, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya ua likiwa bichi, kwa sababu zambarau hupotea ikikauka.

Muhabura_Kisoro

Jina Petali4 amelimaliza. Mimi nataka kusemea kifo chenyewe, maana huo mmea umetendewa kama kabichi, na ni kosa linalotokea kwa urahisi sana ukisikia kwamba ni ndugu wa kabichi.

Kabichi hula sana. Erysimum hii haitaki kulishwa. Jamaa zake wa porini huota kwenye miamba na miteremko ya mawe, udongo mkavu, maskini, wenye chokaa. Wewe umeipa mambo matatu kinyume: udongo mzito unaoshika maji, samadi mabeseni mawili, na udongo mwekundu wa milimani ambao kwa kawaida una asidi. Samadi huleta matawi laini marefu ambayo hulala, hupasuka kwenye shingo (pale shina linapotoka ardhini) na kuvuta vidukari. Maji yaliyosimama huondoa hewa kwenye mizizi, na mizizi bila hewa huoza. Majani ya chini kugeuka manjano na tawi moja kunyauka huku mengine yakiwa mazima ni dalili ya kawaida ya mizizi kuoza upande mmoja.

Kabla ya kufanya lolote, fukua polepole upande wa matawi yaliyonyauka, kina cha sentimita 15, uone mizizi. Kuna hali tatu:

Mizizi ya kahawia, laini, gome linavuliwa kwa vidole na kubakisha uzi katikati, harufu ya bwawa: imeoza kwa maji.

Mizizi imevimba kama vidole au tangawizi: huo ni uvimbe wa mizizi wa kabichi, unaoletwa na Plasmodiophora brassicae. Hapo habari ni mbaya. Mbegu za ugonjwa huo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 na hupenda udongo wenye asidi na unyevu. Mmea huchomwa moto, wala haupelekwi kwenye mboji, na mahali hapo hapapandwi chochote cha familia hii.

Mizizi ni myeupe na migumu: basi tatizo liko juu ya ardhi. Kwangua gome la tawi linalonyauka kwa kucha, ufuate kushuka mpaka uone linapoanza kuwa kahawia.

Pima pia pH, yaani kiwango cha asidi cha udongo. Erysimum inapenda kati ya 6.5 na 7.5. Kipimo cha kuchomeka ardhini hutoa makadirio tu; ukiwa na eneo kubwa, peleka udongo kwenye maabara ya Kawanda, karibu na Kampala. Chota sehemu tano hadi kumi, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, peleka nusu kilo.

MatutaYaKabale

Nimefukua na kupima. Stameni ni nne ndefu na mbili fupi kama Petali4 alivyosema, petali hutoka moja moja, na nywele zimelala. Mizizi ya upande wa mteremko wa juu ni kahawia na gome linavulika. Harufu ni ya bwawa kweli. Haina uvimbe. Upande wa chini mizizi ni mizima. pH kwa kipimo cha kuchomeka ni 5.3. Je, niuhamishe?

Muhabura_Kisoro

Usiuhamishe. Mmea wa kuni wa umri huo ukivunjwa mizizi iliyobaki, haurudi. Maji ya mteremko yanasimama nyuma ya shina, ndiyo maana upande wa juu umeoza. Chimba mfereji mdogo wa upana wa jembe na kina cha sentimita 25, nusu mita juu ya mmea, uelekeze maji pembeni. Ondoa samadi yote iliyo karibu na shina, na uache shingo ya mmea ionekane. Kata matawi yaliyokufa mpaka kwenye shina lenye gome zima. Usiguse matawi mengine kwa sasa, na usimwagilie mpaka sentimita 5 za juu zikauke.

Hiyo ni kuuongezea muda uchukue vipandikizi. Hata ukitunzwa vizuri mmea huu hauishi sana, kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano, kwa sababu huchanua bila kupumzika na kugeuka kuni chini. Anayeutaka bustanini mwake siku zote hupanda mpya kila mwaka wa pili.

Mahali papya tengeneza hivi. Inua kitanda sentimita 25 juu ya ardhi. Changanya udongo wa juu sehemu mbili na changarawe ndogo au mchanga mkubwa sehemu moja. Huku Kisoro tunatumia kokoto nyeusi za volkano, nyepesi na zenye matundu, na ndizo bora. Kwenu ni safari fupi kwa gari la mizigo. Maramu ya barabarani haifai, ina udongo laini unaoziba. Samadi usitie. Mboji iliyoiva, viganja viwili kwa shimo, inatosha kwa mwaka. Mbolea za yurea na CAN ziache kwenye mahindi.

Kwa pH ya 5.3 weka chokaa ya kilimo gramu 200 kwa kila mita ya mraba, ichanganye na sentimita 20 za juu, subiri wiki sita udongo ukiwa na unyevu, kisha pima tena. Isipofika 6.5 rudia gramu 200. Usimwage kilo nzima kwa mara moja. Asiye na chokaa atumie majivu ya kuni.

KitaluMbale

Naongeza mawili kwenye hilo la chokaa, ndugu yangu Muhabura, maana watu huumiza mimea hapo. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, kama lile la Tororo. Chokaa ya kupaka kuta ni kitu kingine: ni kali, huunguza mizizi na mikono, na hupandisha pH ghafla. Ukiwa nayo hiyo pekee, tumia kiasi pungufu kwa robo, wiki sita kabla ya kupanda, na isikutane na samadi mbichi kwa kuwa hufukuza naitrojeni hewani. Na majivu nguvu yake ni karibu nusu ya chokaa ya kilimo, kwa hiyo gramu 400 kwa mita, yawe ya kuni safi, yasiwe ya jiko lililochomewa plastiki. Yakinyeshewa nje hupoteza nguvu, yatunze makavu.

Sasa vipandikizi, ndiyo njia pekee kwa mmea tasa.

Kata asubuhi na mapema. Tafuta vitawi vya pembeni visivyo na tumba, vya mwaka huu, ambavyo ukivipinda vinarudi, na chini vimeanza kukaza kidogo. Kwenye kichaka kinachochanua mwaka mzima vitawi visivyo na maua ni haba. Dawa yake ni kukata vijiti vyote vya maua kwenye nusu moja ya kichaka, kisha kungoja wiki nne hadi sita; vitawi vipya vitatoka chini ya ulipokata. Kwa mmea wa MatutaYaKabale muda huo haupo, kwa hiyo chukua vyenye maua na unyofoe kila tumba kwa ukucha. Chukua kutoka upande wa chini wa mteremko, wenye mizizi mizima.

Urefu ni sentimita 7 hadi 10. Kata chini kidogo ya kifundo (mahali jani linapotokea) kwa wembe mpya, au kinyofoe kitawi kiondoke na kisigino chake cha gome, kisha ukitengeneze kisigino kisiwe na nyuzi. Vua majani ya nusu ya chini. Acha manne hadi sita juu. Yakiwa marefu usiyakate nusu kama tunavyofanya kwa mimea ya majani mapana, vidonda hivyo huingiza ukungu.

Udongo wa kuoteshea: mchanga wa ziwani sehemu mbili, mboji iliyochekechwa sehemu moja. Mchanga uoshe mpaka maji yawe meupe, kwa sababu mchanga wa kujengea huja na matope. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, acha upoe na uchuruzike usiku mzima. Homoni ya mizizi inasaidia lakini si lazima. Ukiitumia, chovya ncha tu na ukung'ute iliyozidi.

Toboa tundu kwa kijiti kwanza. Vipange pembezoni mwa chungu cha sentimita 12, vitano au sita, majani yasigusane wala yasiguse udongo. Bana udongo kwa vidole, mwagilia mara moja, weka mahali penye mwanga usio na jua kali, chini ya kibanda cha wavu au mti mwepesi.

Hapa ndipo wengi huharibu: hufunika kwa nailoni na kuiziba. Majani haya ya kijivu yenye nywele hushika maji, na ndani ya nailoni iliyozibwa ukungu wa kijivu huingia ndani ya siku chache. Ukilazimika kufunika kwa sababu ya upepo mkavu, simamisha nailoni juu ya fito isiguse majani, na uifunue kwa muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Kipandikizi kinacholegea mchana na kusimama usiku kiko sawa. Kinachogeuka cheusi kwenye shingo kitoe mara moja pamoja na udongo ulio jirani nacho.

Kwa baridi ya Kabale mizizi huchukua wiki nne hadi sita. Usivute kujaribu kabla ya wiki ya nne, na hata hapo vuta kwa uzito wa kidole tu. Vikigoma kuvutika, hamishia kila kimoja kwenye kavera ndogo yenye matundu ya chini na ya pembeni. Kikifika sentimita 12 kata ncha ili kitoe matawi kuanzia chini. Mmea usiokatwa ncha utakuwa na shina moja refu, na hilo ndilo hupasuliwa na upepo baadaye.

Kwa misimu yetu ya kusini na magharibi, kata mwishoni mwa Mei mvua zinapopungua, miche iwe tayari Septemba mvua zinaporudi. Au kata Desemba, upande mwanzoni mwa Machi. Kata zaidi ya unavyohitaji. Ukitaka miche mitano, chomeka kumi na miwili.

BustaniNtinda

Nimevutiwa. Niko Kampala, ua lina jua kuanzia saa tatu asubuhi. Nikipata miche itakubali huku? Na nimeona pakiti ya mbegu za Erysimum cheiri inauzwa, je, si rahisi kuliko vipandikizi?

Petali4

Dada au kaka wa Ntinda, nitakuambia ukweli ili usipoteze pesa. Kampala iko mita 1,200 hivi, na usiku wake una joto kuliko mmea huu unavyopenda. Unaweza kuuweka hai kwenye chungu cha udongo wa kufinyanga chenye changarawe nyingi, mahali panapopigwa na upepo, usinyeshewe na mvua za alasiri. Lakini utachoka mapema na maua yatakuwa machache kuliko ya Kabale, Kisoro au Kapchorwa. Kwenye udongo wa bonde sijaribu hata kukushauri.

Mbegu za Erysimum cheiri ni mtego mkubwa zaidi. Hiyo kwao Ulaya huoteshwa mwaka mmoja na kuchanua mwaka wa pili baada ya majira ya baridi. Baridi ndiyo huiamrisha kutoa maua. Kwetu itaota vizuri, itajaa majani, na utangoja maua bure. Iberis sempervirens, mwingine wa familia hii, ina tabia hiyohiyo. Matthiola incana nayo hutaka vipindi vya baridi chini ya nyuzi 18 za Selsiasi ili itengeneze matumba, kwa hiyo inawezekana milimani lakini si mjini Kampala.

Wa familia hii atakayekufaa ni Lobularia maritima, ambao watu huuita alisamu. Hauwi kichaka, ni zulia la sentimita 10 hadi 15, maua madogo meupe au zambarau yenye harufu ya asali. Tawanya mbegu juu ya udongo uliolowa, usizifukie maana zinahitaji mwanga, zibonyeze tu kwa ubao. Huota ndani ya siku 5 hadi 10 na kuchanua baada ya wiki 6 hadi 8. Maua yakianza kukauka, kata mmea wote ubakie nusu, mwagilia, utachanua tena. Panda kwenye chungu kinachopata kivuli cha alasiri.

Ukitaka kichaka cha rangi ya buluu mjini, toka kwenye familia hii na upande Plumbago auriculata. Haitakuangusha.

KabichiNaMaua

Kuna jambo mmelipita haraka: zile kabichi mita moja na nusu kutoka hapo.

Wadudu wa kabichi hufuata harufu ya haradali, na Erysimum inayo. Kiwavi mdogo wa kijani wa Plutella xylostella, yule anayejirusha na kuning'inia kwa uzi ukigusa jani, hutoboa matundu na kuacha ngozi nyembamba kama dirisha. Pinda majani ya juu kila wiki umtafute. Wakiwa wachache, wabane kwa vidole. Wakizidi, nyunyiza dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis jioni, kwa sababu jua huiharibu, na hakikisha inafika mgongoni mwa jani. Vidukari wa kijivu wenye unga hukaa kwenye matumba. Wapige kwa maji ya bomba asubuhi, wakibaki tumia sabuni ya maji isiyo na manukato, mililita 10 kwa lita moja, kisha suuza baada ya saa mbili. Sabuni haiondoki kirahisi kwenye majani yenye nywele na huyaunguza juani. Usinyunyize dawa yoyote ya sumu kali kwenye maua, nyuki hawaachi kichaka hiki.

Ugonjwa wa kuogopa zaidi ni uozo mweusi unaoletwa na bakteria Xanthomonas. Kwenye kabichi unautambua kwa doa la manjano la umbo la V linaloanzia ukingo wa jani kwenda katikati, na mishipa iliyogeuka myeusi. Huruka na matone ya mvua. Ukiuona kwenye kabichi, usizipogoe na kisha ukaenda kwenye maua kwa kisu hichohicho. Futa kisu kwa spiriti, na usifanye kazi majani yakiwa yamelowa.

Kwa hiyo hiyo mimea mipya ipandwe mbali na mahali palipolimwa kabichi, sukuma au figili katika miaka ya karibuni, na juu ya mteremko kuliko kabichi, ili maji ya mvua yasiiletee udongo wao.

Na tafadhali, undugu na kabichi usimfanye mtu aonje majani. Mimea ya Erysimum ina kemikali zinazogusa mapigo ya moyo. Mabaki ya kupogoa yasitupwe kwa mbuzi wala sungura.

MatutaYaKabale

Asanteni sana wote. Mfereji umechimbwa, samadi imetolewa, vipandikizi 14 vimechomekwa kwenye kibanda. Mawili ya mwisho: nipande kwa umbali gani kwenye kitanda kipya, na nipogoe vipi nisifikie tena zile kuni tupu za chini?

KitaluMbale

Umbali ni sentimita 60 kutoka mche hadi mche. Kwa uzio mfupi sentimita 45 zinatosha, lakini usipunguze hapo, hewa ikikosa kupita ukungu huingia katikati. Shingo ya mche ibaki sentimita 2 juu ya udongo, na juu yake mwaga kokoto kavu badala ya nyasi. Nyasi hushika maji kwenye shingo.

Kupogoa anza mwaka wa kwanza. Kila kijiti cha maua kikiisha, kikate ukishukia kwenye majani mazima, yaani theluthi moja ya urefu wa tawi. Fanya hivyo kichaka chote mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na kila mara uunyime maua kwa wiki nne ujaze majani. Usikate kamwe chini ya jani la mwisho, kwa sababu kuni tupu ya mmea huu haichipui tena. Ile nusu uliyokwisha kuona haina majani huwezi kuirudisha, iache mpaka miche ikue.

Hivyo 14 vikague kesho asubuhi. Chochote chenye shingo nyeusi kiondoke leo kabla ya jioni kama tayari unakiona, na kama mvua inavifikia kibandani, vuta chungu ndani.